Dirisha, boksi na shuka jeupe: Namna ya kupiga picha kazi za mikono nyumbani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi methali hiyo imekuwa faraja ya wachonga vinyago, wasusi wa vikapu na watunga shanga. Fundi alimaliza kazi yake, akaiweka mezani dukani au akaitandaza juu ya mkeka kando ya barabara, na mnunuzi akaja mwenyewe. Mnunuzi huyo alikishika kinyago, akakipima uzito kwa mkono, akakigeuza kukagua sehemu ya chini, kisha akauliza bei. Kazi nzuri ilijieleza yenyewe.

Siku hizi sehemu kubwa ya wanunuzi wako mbali. Fundi yuko Masasi na mteja yuko Mwanza, au yuko ng'ambo kabisa. Mteja huyo hashiki wala hapimi. Anachopata ni picha isiyozidi ukubwa wa kiganja, anayoitazama kwenye simu huku akiwa ndani ya daladala au akisubiri chakula. Kinyago kilichomchukua fundi wiki tatu kukichonga huhukumiwa kwa sekunde chache. Hapo ndipo methali ya wahenga inapohitaji nyongeza: kizuri kilichopigwa picha gizani hakiwezi kujiuza.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Idadi ya watalii wa kimataifa walioingia Tanzania iliporomoka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Maduka ya vinyago yanayotegemea wageni hayakuwa na la kufanya ila kusubiri. Fundi aliyekuwa na picha nzuri za kazi zake alikuwa na njia ya pili ya kumfikia mteja. Asiyekuwa nazo alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa umefungwa.

Lipo pia suala la nani anayeshika picha. Mara nyingi fundi huchonga au husuka, kisha dalali huja na kamera yake, akapiga picha, akazungumza na mteja na kupanga bei. Fundi hupata kile anachoambiwa kwamba ndicho kilichopatikana. Katika biashara ya namna hiyo, mwenye picha ndiye mwenye mteja.

Habari njema ni kwamba picha safi ya kazi ya mikono haihitaji studio wala kamera ya gharama kubwa. Simu ya kawaida yenye kamera, dirisha moja, karatasi mbili za manila nyeupe, shuka jeupe na boksi tupu la katoni vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni kufahamu tabia ya mwanga. Makala haya yanaeleza tabia hiyo na namna ya kuitumia hatua kwa hatua.

Kwa nini picha nyingi huharibika

Mwandishi wa makala haya alifanya jaribio nyumbani kwake kwa vitu vitatu: kinyago kidogo cha mpingo, kikapu cha Iringa kilichosukwa kwa milulu, na mkufu wa shanga. Picha za kwanza zilipigwa usiku juu ya kochi, kwa flashi ya simu. Kinyago kilitoka kama kipande cha mkaa chenye doa jeupe katikati ya paji la uso. Kikapu kilionekana bapa kama sahani, na mkufu ulipotelea ndani ya maua ya kitambaa cha kochi.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni flashi. Taa hiyo imekaa karibu kabisa na lenzi, hivyo mwanga wake hupiga kitu usoni moja kwa moja na kuficha vivuli vidogo. Vivuli hivyo ndivyo vinavyolijulisha jicho kwamba hapa pana bonde na pale pana mwinuko. Vikiondoka, umbo nalo huondoka. Aidha, mwanga wa flashi ukigonga sehemu inayong'aa hurudi moja kwa moja kwenye lenzi na kuacha doa jeupe.

Kosa la pili ni ukubwa wa chanzo cha mwanga. Ili kulielewa, msomaji akumbuke kivuli cha mtu saa saba mchana wakati wa jua kali: ni cheusi na kingo zake ni kali kama zilizokatwa kwa wembe. Siku ya mawingu mtu huyohuyo, mahali palepale, huwa na kivuli hafifu au asiwe nacho kabisa. Jua halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba wingu limeutawanya mwanga, na sasa anga lote limekuwa taa moja kubwa.

Hiyo ndiyo kanuni mama ya kazi hii. Chanzo kidogo cha mwanga huleta vivuli vikali, na chanzo kikubwa huleta vivuli laini. Ukubwa huo hupimwa kwa kulinganisha na kitu kinachopigwa picha pamoja na umbali uliopo kati yao. Dirisha lililo nusu mita kutoka kwenye kinyago ni taa kubwa. Dirisha hilohilo likiwa mita nne ni taa ndogo.

Wapiga picha wa studio wanaijua kanuni hiyo siku nyingi. Yeyote aliyewahi kwenda kupiga picha ya pasipoti atakumbuka mwavuli mweupe au kitambaa cheupe kilichotandwa mbele ya taa. Kazi ya kitambaa kile ni kuigeuza taa ndogo kuwa kubwa. Nyumbani kazi hiyo inaweza kufanywa na pazia.

Dirisha lipi, saa ngapi

Vitabu vingi vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humshauri msomaji atumie dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa huko jua hukaa upande wa kusini na dirisha la kaskazini halipigwi na miale yake. Ushauri huo ukifuatwa kama ulivyo jijini Dar es Salaam, utampotosha mtu nusu ya mwaka.

Tanzania iko kusini kidogo ya ikweta, na jua huhama upande kadiri miezi inavyokwenda. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Septemba jua hupita upande wa kaskazini, hivyo madirisha yanayotazama kusini ndiyo yenye mwanga tulivu. Novemba, Desemba na Januari mambo hugeuka: jua hupita kusini, na madirisha ya kaskazini ndiyo yanayofaa. Katika miezi iliyobaki njia rahisi ni kutazama sakafu. Pale ambapo miale ya jua imechora umbo la dirisha sakafuni, mwanga ni mkali mno. Chumba chenye mwanga mwingi kisicho na mchoro huo ndicho kinachofaa.

Mwenye dirisha moja tu, nalo likawa linapigwa na jua, asikate tamaa. Atande shuka jeupe au pazia jepesi jeupe mbele yake. Hata kanzu kuukuu itafaa. Sharti ni moja: kitambaa kiwe cheupe kabisa. Pazia la kijani humwaga mwanga wa kijani, na kanga nyekundu itakipaka kikapu rangi ambayo msusi hakuikusudia.

Muda mzuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na tena kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Mapema kuliko hapo, au jioni jua linapokaribia kuzama, mwanga huwa na wekundu. Ni mwanga mzuri kwa picha ya ufukwe, lakini haufai kwa kazi ambayo mteja anataka kujua rangi yake halisi. Siku ya mawingu ni zawadi, kwani mtu anaweza kufanya kazi karibu kutwa nzima.

Kabla ya kuanza, taa zote za umeme chumbani zizimwe. Mwanga wa mchana una ubuluu kidogo na ule wa balbu za zamani za waya una umanjano. Macho ya binadamu huzoea tofauti hiyo upesi na hayaioni, bali kamera huiona. Mianga hiyo miwili ikichanganyika, upande mmoja wa kinyago utakuwa wa buluu na mwingine wa manjano, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha baadaye.

Kupanga meza

Meza isogezwe karibu na dirisha, likiwa upande wa kushoto au wa kulia wa mpiga picha. Dirisha likiwa nyuma ya kitu, kitu hicho kitageuka kivuli. Likiwa nyuma ya mpiga picha, picha itakuwa bapa kama ya flashi. Mwanga wa ubavuni ndio unaochora umbo.

Karatasi ya manila ibandikwe ukutani kwa selotepu, au iegemezwe kwenye kiti, kisha iteremke na kulala juu ya meza bila kukunjwa. Ilipinde kama maji yanavyoteremka, pasiwe na mkunjo kati ya ukuta na meza. Ikiwa hivyo, kwenye picha hapataonekana mstari unaotenganisha nyuma na chini, na jicho la mteja litabaki kwenye kazi yenyewe. Kitu kiwekwe mbele, mbali na sehemu inayopanda, ili kivuli chake kisianguke juu ya karatasi ya nyuma.

Karatasi ya pili ndiyo inayomaliza kazi. Upande wa kitu unaotazama dirisha utakuwa na mwanga wa kutosha, na upande wa pili utakuwa na giza. Karatasi hiyo ikunjwe katikati ili iweze kusimama kama kitabu kilichofunguliwa, kisha iwekwe upande wenye giza, ikitazamana na dirisha. Itaurudisha mwanga uliopita na kulijaza giza. Ikisogezwa karibu giza hupungua, ikisogezwa mbali huongezeka. Fundi aendelee kuisogeza mpaka pale ambapo mikato yote ya kazi inaonekana, lakini kivuli hakijafutika kabisa. Anayetaka nguvu zaidi anaweza kuifunika karatasi hiyo kwa karatasi ya alumini inayotumika jikoni, iliyofinyangwa kwanza kisha ikanyooshwa ili isirudishe mwanga kama kioo.

Katika jaribio letu, hatua hii peke yake ndiyo iliyoleta tofauti kubwa kuliko zote. Kinyago kilekile kilichoonekana kama mkaa kilipata mashavu, midomo na alama za patasi mgongoni.

Boksi la mwanga kwa kazi za usiku

Si kila fundi ana nafasi ya kukaa dirishani asubuhi. Wengi huwa kazini mchana na hupata wasaa baada ya chakula cha jioni. Kwao lipo boksi la mwanga, ambalo hutengenezwa kwa muda wa nusu saa hivi.

Huhitajika boksi la katoni lenye upana na kimo cha sentimita 40 hadi 50, ambalo hupatikana katika maduka ya jumla. Boksi lilazwe ubavu ili mdomo wake umtazame mpiga picha. Kwenye ubavu wa kushoto, wa kulia na wa juu ukatwe mraba, ukibakizwa ukingo wa kama sentimita tano kila upande ili boksi lisilegee. Miraba hiyo mitatu ifunikwe kwa kitambaa chepesi cheupe kilichonyooshwa vizuri na kubandikwa kwa selotepu. Ndani iwekwe karatasi ya manila ikiteremka kutoka juu upande wa nyuma hadi chini, kwa mpindo uleule ulioelezwa.

Taa mbili za mezani ziwekwe nje, moja kila upande, zikielekezwa kwenye kitambaa. Mwenye taa ya tatu anaweza kuiweka juu. Balbu zote ziwe za aina moja. Kwenye maboksi ya balbu za LED huandikwa namba ikifuatiwa na herufi K, inayoonyesha rangi ya mwanga: 2700K au 3000K ni ya manjano, na 6500K ni nyeupe yenye ubuluu. Mwanga wa jua la mchana hukadiriwa kuwa karibu 5500K. Namba ipi itumike si jambo kubwa. Kubwa ni kwamba balbu zote ziwe na namba moja.

Umbali wa taa nao una hesabu yake. Taa ndogo iliyo sentimita 30 kutoka kwenye kitu ikisogezwa hadi sentimita 60, mwanga unaokifikia kitu hicho haubaki nusu, bali robo. Ndiyo maana kusogeza taa kidogo tu hubadilisha picha kwa kiasi kikubwa. Kwa hesabu hiyohiyo, fundi anayetaka upande mmoja uwe na kivuli hana haja ya kununua taa yenye nguvu tofauti. Airudishe nyuma taa ya upande huo.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Balbu za zamani za waya hutoa joto kali, na katoni pamoja na kitambaa ni vitu vinavyoshika moto upesi. Balbu isiguse kitambaa kamwe, na taa zisiachwe zikiwaka pasipo mtu. Balbu za LED hazina joto kali kiasi hicho na ni salama zaidi kwa kazi hii, ingawa nazo zinahitaji nafasi ya kupumua.

Kamera inavyodanganyika

Watu wengi hudhani kuwa kamera huona kama macho yao. La hasha. Mfumo wa kamera wa kupima mwanga umetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinachopigwa picha, ukichanganya sehemu zake zote, kina mwanga wa wastani, yaani wa kijivu. Dhana hiyo hufaa kwa picha za harusi na za watoto. Kwa kazi za mikono huleta matatizo mawili yanayokinzana.

Kinyago cha mpingo kikijaza picha nzima, kamera huona weusi mwingi na kuamua kwamba chumba kina giza. Huongeza mwanga, na mpingo hugeuka kijivu kama uliopakwa majivu. Kinyago hichohicho kikiwa kidogo katikati ya karatasi kubwa nyeupe, kamera huona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Karatasi hugeuka kijivu, na kinyago hugeuka donge jeusi.

Dawa iko ndani ya simu yenyewe. Katika simu nyingi, mtu akigusa kioo mahali kitu kilipo, kamera hulenga hapo na alama ndogo ya jua hujitokeza pembeni. Kidole kikiisukuma alama hiyo juu, picha hupata mwanga. Kikiishusha, picha hupungua mwanga. Kipimo kizuri ni kuongeza mpaka karatasi ionekane nyeupe, na kukomea hapo kabla kingo za kitu hazijaanza kumezwa na weupe. Ikiwa kinyago bado ni cheusi mno, kisaidiwe kwa kuisogeza ile karatasi ya pili.

Yapo mambo mengine madogo yenye faida kubwa. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, maana simu hushinda mfukoni na lenzi iliyojaa mafuta ya vidole hutoa picha yenye ukungu. Kamera ya mbele isitumike. Vichujio vya urembo na mapambo ya rangi vizimwe. Mpiga picha asikikaribie kitu mno, kwani lenzi ya simu huona eneo pana na huvivimbisha vilivyo karibu: kichwa cha kinyago huwa kikubwa na miguu midogo. Ni afadhali kurudi nyuma hadi umbali wa kama mita moja, kisha kuikata picha baadaye.

Simu isishikwe mkononi. Iegemezwe kwenye vitabu, au ilazwe juu ya mfuko mdogo wa mchele, ambao hujifinyanga kuifuata simu na kuishika imara. Kisha kitumike kile kipengele cha kuchelewesha picha kwa sekunde mbili au tatu, ili mtikisiko wa kidole uwe umekwisha kabla picha haijachukuliwa.

Kila kazi na mwanga wake

Kanuni ni moja, lakini kila malighafi ina tabia yake, na fundi anayeijua tabia hiyo atakuwa mbele ya mpiga picha wa kukodi.

Mpingo ni mti mzito wenye moyo mweusi na ganda la ndani lenye umanjano, na wachongaji wengi wa Kimakonde huliacha ganda hilo lionekane makusudi. Kinyago chake kilichopigwa msasa na kung'arishwa hakionekani kwa mwanga unaokigonga, bali kwa mng'aro unaotoka juu yake. Kwa hiyo kipewe mwanga kutoka pande mbili, kidogo kutokea nyuma, ili mistari miwili ya mwanga ichore kingo zake. Hilo lina umuhimu wa pekee kwa vinyago vya ujamaa, vile vyenye miili mingi iliyopandana. Bila mistari hiyo watu wote hugeuka gogo moja. Karatasi ya kijivu hafifu nyuma yake hufaa kuliko nyeupe kabisa.

Vikapu vya milulu, mikeka ya ukindu na kazi zote za kusuka huhitaji kinyume chake. Thamani yake iko katika msuko, na msuko huonekana pale mwanga unapopita ubavuni ukiwa chini, ukiparaza juu ya uso wa kikapu. Hapo karatasi ya kurudisha mwanga isogezwe mbali ili kila uzi uwe na kivuli chake. Katika jaribio letu, kikapu kilichoonekana bapa kwa flashi kilionyesha kila mzunguko wa msuko mara tu kilipowekwa ubavuni mwa dirisha.

Michoro ya Tingatinga ina tatizo la kung'aa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki dunia mwaka 1972, alitumia rangi za kung'aa za aina ya zile za baiskeli, na wanaomfuata wameuendeleza utamaduni huo. Rangi hizo huakisi kama kioo. Mchoro usimamishwe wima, simu iwe mbele yake katikati kabisa, na mwanga utoke pande zote mbili kwa mshazari, katikati ya mbele na ubavu. Mwanga huondoka kwenye kioo kwa pembe ileile ulioingilia, hivyo ukija kwa mshazari utaondoka kwa mshazari na hautaingia kwenye lenzi. Mpiga picha avae nguo nyeusi, la sivyo shati lake jeupe litaonekana ndani ya mchoro.

Vito vya fedha, shaba na shanga za kioo huakisi kila kilichomo chumbani, pamoja na mpiga picha mwenyewe. Njia ni kuvizungushia weupe kila upande, na boksi la mwanga ndilo mahali pake. Hata hivyo, weupe ukizidi, fedha hupoteza umbo na kuonekana kama karatasi. Ukanda mwembamba wa karatasi nyeusi ukiwekwa pembeni, nje ya picha, utaakisiwa juu ya kito na kurudisha ule mstari mweusi unaolijulisha jicho kwamba hicho ni chuma.

Picha isiyosema uongo

Ujuzi huu wote una mpaka, nao ni ukweli. Ni rahisi siku hizi kuongeza rangi ndani ya simu mpaka kikapu kififu kikawaka kama moto. Mteja ataagiza, atalipa, na atapokea kikapu kingine machoni pake. Hatajua kwamba kosa ni la programu. Atajua kwamba amedanganywa. Gharama ya kurudisha mzigo mara nyingi hula faida yote, na jina likichafuka halisafishiki kwa picha.

Kwa hiyo marekebisho yawe ya kurudisha kile jicho lilichoona, si ya kuzidisha. Baada ya kupiga, fundi aishike kazi yake kando ya simu, karibu na dirisha, na kulinganisha. Ikiwa rangi hazifanani, picha irekebishwe mpaka zifanane. Karatasi nyeupe inayoonekana pichani ni shahidi mzuri: ikiwa na umanjano au ubuluu, rangi zote nyingine nazo zimepotoka kwa kiasi hichohicho.

Picha moja haitoshi. Mnunuzi wa dukani hukigeuza kitu mkononi, na picha hazina budi kumgeuzia yule aliye mbali. Iwepo ya mbele, ya ubavu, ya nyuma na ya chini. Iwepo ya karibu inayoonyesha ufundi. Iwepo yenye mkono au rula ili ukubwa ufahamike. Na kama pana ufa, fundo au doa, lipigwe picha yake na kutajwa. Wauzaji wengi hulikwepa hilo, lakini mnunuzi aliyeonyeshwa kasoro kabla ya kulipa ana sababu ya kuamini yote mengine aliyoonyeshwa. Maelezo yataje vipimo kwa sentimita, uzito na aina ya malighafi.

Mwisho ni utumaji na utunzaji. Programu za kutumiana ujumbe kama WhatsApp hubana picha ili isafiri upesi, na ubora hupotea njiani. Mteja anayehitaji picha kwa ajili ya tangazo atumiwe kama dokumenti, si kama picha ya kawaida. Picha za asili zihifadhiwe mahali pengine mbali na simu, kwani simu hupotea na huibwa. Fundi akumbuke pia kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua picha na kazi za sanaa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kuweka kumbukumbu ya tarehe ya kila picha ni hatua ya kwanza ya kuweza kujitetea.

Jaribio letu lilichukua asubuhi moja. Kilichotumika ni karatasi mbili za manila, shuka la kitanda na mfuko wa mchele uliorudi jikoni mchana huohuo na kupikwa. Kinyago, kikapu na mkufu havikubadilika hata kidogo; vilikuwa vizuri tangu vilipotoka mikononi mwa mafundi wake. Tofauti ni kwamba sasa mtu aliye mbali angeweza kuuona uzuri huo, na fundi mwenyewe, bila kumpitia dalali, angeweza kuwa wa kwanza kumwonyesha.